Ndiyo ya Mbunge Nandonde

Salumu Nangomwa hakukamatwa, alijipeleka mwenyewe. Jumapili ile nyumba ya mbunge ilipoungua Mahurunga, alipanda lori la kwanza lililopita, mikono yote miwili imefungwa vipande vya kanga, akashuka mbele ya kituo cha polisi cha Mtwara na kumwambia askari wa zamu kwamba aliyewasha moto ni yeye, wasihangaike kutafuta. Siku tatu baadaye, Jumatano ya tarehe kumi na tano Mei mwaka 1974, Inspekta Stefano Hokororo alimtoa mahabusu asubuhi, akamkalisha kitini, akaagiza chai ambayo ilibidi koplo amshikie kikombe, akamwomba aeleze upya toka mwanzo.

Maelezo ya Salumu hayakubadilika. Yeye ni mkulima wa mihogo na mikorosho, hajui kusoma. Jumapili asubuhi watu walikuta karatasi zimebandikwa kwenye ukuta wa duka la kijiji na kwenye nguzo ya kisimani. Mwalimu wa shule akaombwa azisome kwa sauti. Zilisema kwamba mbunge wao, Mohamedi Nandonde, amepiga kura serikali iwatambue wanajeshi walioipindua serikali ya Ureno.

Wiki mbili na ushei kabla ya hapo redio ilikuwa imetangaza mapinduzi hayo ya Lisbon. Kwa mtu wa Dodoma hiyo ilikuwa habari ya mbali. Kwa mtu wa Mahurunga, Mreno yuko ng'ambo ya mto, upande wa Msumbiji. Mwezi wa pili mke wa Salumu, Mariamu, alikwenda kuchimba mihogo shamba la ukingoni, akakanyaga bomu lililotegwa ardhini. Waliokwenda kumchukua walirudi na kanga moja iliyofungwa fundo, na fundo lenyewe halikuwa kubwa. Kwa hiyo mwalimu alipomaliza kusoma, Salumu hakuuliza swali. Alisubiri sala ya adhuhuri iishe, akachukua kijinga cha moto jikoni kwa jirani, akakitia kwenye makuti ya nyumba ya Nandonde. Alijua mbunge yuko mjini, akadhani nyumba haina mtu. Bi Mwajuma, mama yake mbunge, alikuwa amejilaza chumba cha nyuma. Salumu aliposikia kikohozi alirudi ndani kumtoa, na hapo ndipo mikono yake ilipoungua.

"Ningejua yumo," alisema, kisha akaiacha sentensi hapo.

Inspekta hakuhitaji zaidi kuhusu moto. Alichokihitaji ni ile karatasi. Nakala moja ilikuwa mezani kwake tangu Jumatatu, na alikuwa ameitazama mpaka ameijua kama kadi yake ya kazi. Maneno yaliandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooshwa kwa rula: MBUNGE WENU AMEWAUZA KWA MRENO. KAMATI ILIULIZWA: SERIKALI YETU IWATAMBUE WANAJESHI WALIOSHIKA MADARAKA URENO? NANDONDE AMEJIBU NDIYO. MUULIZENI AMEPEWA NINI. Ilikuwa nakala ya kaboni, ya tatu au ya nne, maana wino wake ulikuwa hafifu. Karatasi yenyewe ilikuwa nyembamba, tena fupi kuliko karatasi ya kawaida kwa upana wa vidole viwili. Mtu alikuwa ameikata juu kwa wembe, mkato ulionyooka vizuri, kama mtu anayeondoa kichwa cha maandishi asichotaka kionekane.

Na kulikuwa na jambo jingine. Kamati ndogo iliyotumwa Mtwara kutoa ushauri juu ya mapinduzi yale ilikuwa na wabunge watano. Walipiga kura mlango ukiwa umefungwa, kila mmoja akiwa ameapa kutosema. Mtu aliyeiba siri hiyo alijua kura ya Nandonde. Basi za wengine wanne kaziacha kwa nini?

Alimkuta Nandonde kwenye baraza la hospitali ya mkoa, nje ya wodi ya wanawake. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, zamani mwalimu, na shati alilovaa lilikuwa lile la Jumapili. Mama yake alikuwa ndani, hasemi. Ijumaa iliyokuwa inakuja mbunge huyo alitakiwa kufika mbele ya kikao cha chama cha mkoa kujibu kwa nini asivuliwe uanachama, na mpaka siku hiyo alikuwa amekataa kumwambia mtu yeyote alipigaje kura. Alisema ameapa, na kiapo hakina kibali cha kukivunja kwa sababu tu nyumba yako imeungua.

Karatasi yenyewe alikuwa ameisikia tu, hajaiona. Inspekta akampa. Nandonde akaisoma, akarudia, kisha akavua miwani.

"Jibu la ndiyo ni langu," alisema. "Swali si lile."

Inspekta akamwambia kwamba anachunguza kosa la jinai, na kwamba kiapo cha kamati hakimzuii shahidi mbele ya polisi. Nandonde aliangalia mlango wa wodi, akafikiri, kisha akaeleza. Maneno yaliyo kwenye karatasi ni ya rasimu ya kwanza, iliyopigwa chapa Jumatatu ya tarehe sita. Jumanne mchana mjumbe mmoja alilalamika kwamba si vizuri kamati ianze kwa neno la kuwatambua watu ambao bado mabomu yao yako ardhini kwetu. Mwenyekiti akakubali, swali likageuzwa kichwa chini. Lililopigiwa kura Ijumaa ya tarehe kumi lilikuwa hili: serikali isiwatambue wanajeshi wale mpaka watangaze kwa maandishi kwamba Msumbiji itakuwa huru. Watatu walisema ndiyo, wawili hapana. Nandonde alikuwa miongoni mwa wale watatu.

"Kulikuwa na azimio jingine?"

"La pili. Kwamba wanakijiji wa ukingoni wasirudishwe mashambani mpaka mabomu yaondolewe. Nalo nilisema ndiyo. Ni mimi niliyelileta."

Inspekta aliuliza ni nani waliokuwepo chumbani Jumanne swali lilipogeuzwa. Wabunge watano, katibu wa kamati, na mpiga chapa, Bibi Agnes Ndunguru, aliyekuwa akiandika mabadiliko. Wote saba. Hapo Inspekta akafunga daftari. Mmoja wa wale saba asingekosea swali. Na kama angetaka kudanganya kwa makusudi, asingechagua uongo ambao ungeumbuka siku matokeo yatakaposomwa Dar es Salaam. Aliyeandika karatasi ile aliamini anachokiandika. Alikuwa na swali la Jumatatu mkono mmoja na jibu la Ijumaa mkono wa pili, na hakujua kilichotokea katikati. Maana yake hakuwa chumbani.

Kabla ya kuondoka alimuuliza mbunge kama ana adui. Nandonde alitaja jina moja bila kulitafuta: Ismaili Mnali, aliyeshindana naye katika uchaguzi wa mwaka sabini.

Ismaili alikuwa anaishi Naliendele, ambako alipewa kibarua cha kuangalia vitalu vya miche ya mikorosho. Inspekta alimkuta amechuchumaa katikati ya mistari ya miche, anang'oa magugu. Alikuwa mwembamba, msafi, mwenye kuzungumza taratibu. Hakujifanya kushangaa. Alisema alimtarajia Inspekta tangu Jumatatu, na kwamba Jumamosi alikuwa Mahurunga kweli, kwenye hitma ya shangazi yake. Watu zaidi ya hamsini walimwona. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa nakala ya ile karatasi, imekunjwa vizuri mara nne.

Inspekta akamuuliza anaitunza ya nini.

"Naisoma," alisema Ismaili. "Kura mia mbili na kumi na mbili, Ndugu Inspekta. Hizo ndizo zilizonishinda. Yeye alama yake ya kura jembe, mimi nyumba. Miaka minne sasa, nikipita kijijini namtazama kila mtu usoni, najiuliza, wewe uliweka wapi kura yako. Akijenga choo cha shule, nasema kingekuwa changu. Redio ikitaja jina lake naizima. Usiku nikilala nasikia wanavyomwita Mheshimiwa." Alifuta mikono kwenye suruali. "Mke wangu anajua, majirani wanajua, na yeye mwenyewe anajua. Wivu wangu mimi upo hadharani. Sina sababu ya kuubandika ukutani kwa kujificha."

Inspekta alimwamini nusu, na nusu nyingine akaiweka kando. Alimuuliza kama siku ile ya Jumamosi alimwona mtu mgeni. Ismaili alikumbuka mmoja. Alasiri mtu mrefu alifika kwa baiskeli, kaptura ya kaki, Kiswahili chake cha watu wa Songea, akaulizia nyumba ya mbunge. Walipomwonyesha hakubisha hodi. Aliizunguka polepole kama mtu anayetaka kuinunua. Kisha akarudi na kuuliza swali ambalo wazee wa hitma waliliona la utovu wa adabu: mbunge huyu ana wake wangapi.

"Tukamwambia mmoja, na yuko naye mjini. Akacheka peke yake. Kicheko hakikuwa cha mtu aliyefurahi."

Njia nzima ya kurudi mjini Inspekta alilirudia swali hilo. Mtu anayetaka kumwangusha mbunge kwa siasa angeuliza ana maadui wangapi, au watu wangapi walimpa kura. Wake wangapi ni swali la aina nyingine kabisa.

Agnes Ndunguru alikuwa kituoni tangu Jumatatu, katika chumba cha pembeni, na askari wa kike mlangoni. Kati ya wale saba ni yeye na katibu tu walioshika karatasi zote, na katibu alikuwa na risiti ya kufungia yake kwenye sefu. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Ndanda, mpiga chapa mwenye sifa ya kutokosea. Siku mbili zote alikuwa amejibu swali moja kwa jibu moja, kwamba hakumwambia mtu. Safari hii Inspekta hakumuuliza alimwambia nani. Alimuuliza karatasi zilizoharibika huwa zinakwenda wapi.

Agnes alisema amri ilikuwa zichomwe, na ofisini hapakuwa na mahali pa kuchomea. Kwa hiyo rasimu ya Jumatatu, baada ya swali kugeuzwa, aliichukua nyumbani kwenye kikapu chake ili awashie jiko la mkaa. Ijumaa, alipopiga chapa matokeo ya kura, aliichukua na karatasi ya kaboni aliyoitumia. Ilikuwa mpya, na kaboni mpya ikitumika mara moja inasomeka kama barua.

"Hiyo kaboni ilikuwa na maswali?"

"Hapana. Namba za maazimio, majina, na ndiyo au hapana. Maswali yalikuwa ukurasa mwingine, ulikwisha kupigwa Jumatano."

"Uliichoma?"

"Zote mbili nilizichoma. Kwa mikono yangu."

"Tangu unaingia nyumbani mpaka unawasha jiko, kikapu kilikuwa wapi?"

"Mezani. Nilikwenda kuoga kwanza."

"Na nani alikuwepo?"

"Mume wangu."

Inspekta akauliza mume alikuwa anafanya nini. Agnes alitazama mikono yake.

"Ananiuliza nimetoka wapi," alisema. "Huwa ananiuliza mpaka nje ya mlango wa bafu."

Kisha, kwa kuwa alikuwa ameanza, akaeleza mengine. Wana miaka sita ya ndoa, hawajapata mtoto. Josephu si mlevi wala hampigi. Anamhesabia hatua tu. Akichelewa anataka jina la aliyemchelewesha, akiwahi anataka kujua kwa nini leo amewahi. Wiki ile ya kamati siku nyingine kazi zilipita magharibi, na mara mbili mbunge Nandonde alimpakia kwenye gari la kamati pamoja na katibu, wakamshusha Shangani mbele ya nyumba. Alhamisi mbunge aligawa machungwa kwa wafanyakazi wote, kikapu kwa kila mmoja, yaliyotoka shambani kwa mama yake. Josephu aliyachukua yale machungwa, akayatupa moja moja shimoni bila kusema neno. Agnes alifikiri yameishia hapo.

Josephu Ndunguru alikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini, na siku hiyo hakuwa na zamu. Inspekta na koplo walimkuta nyumbani kwake Shangani, katika nyumba ndogo ya wafanyakazi yenye sakafu iliyosuguliwa. Alikuwa mrefu, ameajiriwa mbali na kwao Mbinga kwa miaka mingi, mpole wa sauti. Alileta viti viwili. Akauliza habari za mkewe, na Inspekta alisikiliza kwa makini anauliza nini. Hakuuliza kama amekula wala kama analala vizuri. Aliuliza anayemhoji ni mmoja au wengi, kama ni wanaume, na kama mlango huwa wazi wakati wa kumhoji.

Inspekta alimjibu kwamba ni yeye mwenyewe anayemhoji, na mlango uko wazi. Josephu akaitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalishuka kwenye mkono wa Inspekta wa kushoto, yakatafuta pete, yakaiona, na hapo ndipo uso ukalegea.

Ukutani kulikuwa na kalenda. Kwenye mwezi wa tano, ndani ya kila kisanduku cha siku, kulikuwa na tarakimu ndogo za penseli: 12.20, 1.05, 10.40, 1.10. Koplo aliuliza ni za nini. Josephu alisema ni saa za zamu zake za meli, asije akasahau. Lilikuwa jibu zuri, nalo lilitoka haraka. Inspekta alisimama karibu na kalenda kana kwamba anasoma siku, akazikariri zile za kuanzia Jumatatu ya tarehe sita hadi Ijumaa ya tarehe kumi. Kwenye kisanduku cha Alhamisi, chini ya saa moja na dakika kumi, penseli ilikuwa imebonyezwa mpaka karatasi ikatoboka.

Jumamosi alikuwa wapi? Nyumbani, alisema, anatengeneza baiskeli. Jumapili? Kanisani. Inspekta alimshukuru, akaomba amsubiri hapo hapo, akamwacha koplo kibarazani.

Bandarini msimamizi wa zamu alimfungulia daftari bila shida. Kuanzia Jumanne mpaka Ijumaa ya wiki ile gati lilikuwa tupu, hapakuwa na meli ya kuhesabiwa, na makarani walitoka kazini saa tisa na nusu. Jumamosi na Jumapili Ndunguru hakuwa zamu. Inspekta akaomba kuona karatasi wanazotumia kuhesabia shehena. Msimamizi alimpa bunda jipya. Zilikuwa nyembamba, na juu kulikuwa na kichwa kilichopigwa chapa. Inspekta alitoa ile karatasi ya Mahurunga, akailaza juu ya moja yao, kingo za chini zikikutana. Zililingana pande tatu. Palipozidi ni pale juu tu, na kilichozidi ni kichwa chenyewe, upana wa vidole viwili.

Alipita kwa mlinzi wa jengo la kamati pia, kwa sababu alitaka kuwa na uhakika. Mlinzi alikuwa na daftari la watu kuingia na kutoka. Jumatatu Agnes alitoka kwa miguu saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Jumanne saa moja kasoro dakika tano, kwa gari la kamati. Alhamisi saa moja kamili, pamoja na katibu na mbunge. Kutoka hapo mpaka Shangani kwa gari ni dakika kumi, kwa miguu ishirini na tano. Saa za kalenda ndizo zile zile, ukiongeza muda wa njia. Hakukuwa na dakika iliyopotea mahali popote.

Saa tisa alasiri Josephu alikaa kwenye kile kiti alichokalia Salumu asubuhi. Inspekta aliweka mezani karatasi mbili, moja juu ya nyingine, akaweka pembeni yake nakala aliyoandika ya saa za kalenda na nakala ya daftari la gati. Akamwambia kwamba mtu mmoja wa Naliendele yuko tayari kumtambua mtu aliyeulizia wake wa mbunge. Josephu alivitazama vitu vile kwa zamu, kama anayehesabu mizigo inayoshuka. Hakukana. Alisema tu kwamba alichoandika ni kweli, aliisoma kura kwa macho yake kwenye kaboni, na raia ana haki ya kujua mbunge wake anavyopiga kura.

"Kwenye kaboni kulikuwa na kura mbili za Nandonde," Inspekta alisema. "Ndiyo na ndiyo. Ya pili mbona hukuiandika?"

Josephu alizitazama tena zile karatasi mbili.

"Rasimu ilikuwa nayo. Uliisoma. Inahusu watu wa mtoni wasirudishwe kwenye mabomu. Na walikuwepo wengine wawili waliosema ndiyo kwa swali lile lile. Hao nao hukuwaandika."

"Hao hawakumleta mke wangu nyumbani usiku." Sauti yake haikupanda. "Na ile ya pili isingemuumiza. Watu wangempenda. Nilitaka arudi kwao, avuliwe ubunge, akae huko huko kijijini alime. Asiwe na gari, asiwe na watu wa kumpigia chapa. Sikusema achomwe. Onyesha mahali nilipoandika achomwe."

Inspekta akamweleza habari ya swali kugeuzwa. Alimweleza taratibu, tangu Jumanne mchana mpaka kura ya Ijumaa, akamsomea maneno yaliyopigiwa kura. Ilimchukua Josephu muda kuelewa. Alipoelewa aliweka kiganja juu ya ile karatasi ya Mahurunga na kuifunika. Akauliza kama Agnes alijua. Inspekta alisema alijua, yeye ndiye aliyelipiga chapa upya.

"Hakuniambia," alisema Josephu.

"Aliapa asiseme."

"Mimi ni mumewe."

Koplo alianza kuandika maelezo. Inspekta alitoka, akaenda chumba cha pembeni, akamwambia Agnes kwamba yuko huru na kwa nini. Agnes hakulia. Alisema aliiona chupa ya gundi imefunguliwa Jumamosi asubuhi, akadhani mumewe anabandika tairi. Akauliza kama inaruhusiwa kwenda hospitali kumwona yule bibi. Askari wa kike alijitolea kumsindikiza.

Hawakufika mbali. Simu kutoka hospitali iliita kabla hawajavuka uwanja wa kituo, na Inspekta aliipokea amesimama. Bi Mwajuma alikuwa amefariki saa tisa na dakika ishirini, mwanawe akiwa kando yake. Agnes aliposikia alikaa kwenye ngazi kwa muda, kisha akainuka na kusema atakwenda hivyo hivyo, wanawake watahitajika kule.

Inspekta alipita mahabusu kwanza. Aliona si haki Salumu asikie kwa askari wa zamu. Alimwambia mama wa mbunge amefariki. Akamwambia pia Nandonde alivyopiga kura, azimio la kwanza na la pili, kwa kuwa kesho kutwa kikao cha chama kingeambiwa na siri isingekuwa siri tena. Salumu alikuwa amekaa chini, mikono yenye bandeji imeinuliwa kidogo isiguse magoti. Aliomba asomewe lile la pili. Inspekta akalisoma. Salumu akaomba arudie, akalisikiliza tena neno kwa neno, mashambani, ukingoni, mabomu, mpaka mwisho.

"Ameandika yeye hayo?"

"Ndiye aliyeyaleta."

Salumu akageukia ukuta, na Inspekta akamwacha.

Josephu alikuwa amekwisha kutoa maelezo yake, kurasa tatu, kwa mpangilio mzuri wa mtu aliyezoea kuhesabu shehena. Inspekta alikaa mbele yake, akamjulisha kwamba Bi Mwajuma amekufa, kwamba sasa kuna maiti katika kesi hii, na kwamba mwendesha mashtaka ndiye atakayeamua karatasi yake ilichangia kiasi gani. Alimwambia pia, kwa sababu alikuwa na ushahidi wake na aliona mtu huyu anastahili kuupata, kwamba amepitia daftari la mlinzi siku kwa siku, na kwamba mkewe alikuwa kazini kila dakika aliyosema yuko kazini. Machungwa yalitumwa na marehemu. Wafanyakazi wote walipata.

Josephu alisikiliza yote. Aliinamisha kichwa, koplo akaweka kalamu chini akidhani ameanza kusali. Kisha akainua uso.

"Agnes yuko wapi sasa hivi?"

"Nimemwachia," alisema Inspekta. "Ameondoka."

"Ameondoka na nani?"

Inspekta Hokororo alivuta zile kurasa tatu, akachukua kalamu ya koplo, akaliandika swali lile chini kabisa ya maelezo, kwa maneno ya Josephu mwenyewe, akamgeuzia karatasi aweke sahihi.